Mabuti ya Pako na Mbwa wa Mjomba

"Wote wawili, Oteng. Nakuletea mwenyewe. Wewe usije, na dada yako usimwambie."

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita. Sethunya kasimama nyuma ya pampu ya dizeli, mkononi ana mfuko wa magwinya, yale maandazi ya moto yanayochuruzika mafuta, na mumewe kampa mgongo, simu sikioni. Wiki nzima mmenisumbua. Mama mmoja kanipigia akitaka huyo mwanamume apigwe mawe. Weka mawe chini kwanza, mama, unisikilize.

Aliyelikosa gazeti namsaidia kwa maneno machache, maana nafasi niliyopewa ni finyu. Pako, mtoto pekee wa Sethunya na Moatlhodi, alikufa mwezi wa tano, gari lake lilipomvaa ng'ombe aliyekatiza lami. Mwezi ulipotimia nguo zake zilitolewa nje, zikafuliwa, zikagawanywa. Mjomba ndiye wa kwanza, na Oteng, kaka yake Sethunya, akachukua koti, kofia na blanketi. Mabuti yalitafutwa, hayakuonekana. Mbwa wawili wa marehemu nao ni wa mjomba, lakini Oteng alimwona dada yake anavyolia, akasema atawafuata baada ya wiki.

Wiki ikaisha. Asubuhi ya siku hiyo Moatlhodi akaweka kikombe cha chai chini na kusema, "Mama Pako, panda gari. Twende tu. Popote. Na mbwa tunawachukua."

Sethunya hakuuliza wapi. Hakufunga hata sanduku. Alitoka na shuka lake la msiba mabegani, akarudi mara moja kuzima jiko, akapanda pikapu. Njiani alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, mbwa Phefo alipompiga kofia Moatlhodi kwa mkia kupitia dirisha la nyuma. Alidhani mumewe anawatorosha wale mbwa.

Kumbe.

Moatlhodi alikata simu, akageuka. Mkewe huyo hapo.

"Mama Pako. Umetoka dukani saa ngapi?"

"Saa ile ile uliyokuwa unaniuza."

"Sijakuuza."

"'Wote wawili, Oteng. Nakuletea mwenyewe.'" Aliiga sauti yake, na akaiiga vizuri mno. "Sauti tamu hivyo mimi mara ya mwisho ulinipa lini?"

"Panda gari, watu wanatutazama."

"Waache watazame. Mwezi mzima natazamwa, nimeshazoea."

Akauweka mfuko wa magwinya juu ya boneti, taratibu kabisa, kama anayempelekea mgeni chai. Halafu akaenda nyuma ya pikapu, akafungua bodi, akashika kamba za mbwa. Ababue, jike mzee, alishuka kwa kusitasita. Jina lake maana yake ni waache waseme, Pako alimpa makusudi ili jirani mmoja mwenye mdomo alisikie kila asubuhi. Phefo, dume kijana, aliruka hata kabla hajaambiwa.

Na Sethunya akaanza kutembea.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Serowe? Kilomita mia mbili kwa miguu?"

"Mia mbili kasoro. Za kwanza nimeshaanza."

Haya, mnaocheka, chekeni. Moatlhodi hakucheka. Aliwasha gari, akageuza, akamfuata pole pole pembeni ya lami, dirisha liko wazi, upepo wa mwezi wa sita unampiga usoni. Mkewe mbele na kamba mbili, yeye nyuma na gia ya kwanza.

"Mama Pako, nisikilize."

"Ongea na Oteng. Ndiye mke wako."

"Ni mbwa wake. Mjomba ana haki yake, wewe mwenyewe unajua. Ungekuwa wewe ndiye shangazi, ungekuja na lori kuchukua chako."

"Ningesubiri."

"Amesubiri!"

"Basi ungeniambia! Ungeniambia, 'Sethunya, leo tunawapeleka.' Ningelia, ningepiga kelele, ningekurushia sufuria. Lakini ningejua. Wewe umenipandisha gari kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano, unamwambia tunakwenda dukani."

Hapo Moatlhodi alisimamisha gari. Hakushuka. Alishika usukani kwa mikono yote miwili na kuongea akiutazama.

"Saa kumi na moja," alisema.

Sethunya alisimama pia, bila kugeuka.

"Kila siku saa kumi na moja, saa yake ya kurudi, Mama Pako. Wananyanyuka pale kivulini. Phefo anajinyoosha, miguu ya mbele kwanza, halafu ya nyuma. Wanakwenda getini. Wanakaa, wanatazama barabara. Mimi niko ndani na kikombe changu, naona migongo yao. Mpaka giza linaingia, bado wamekaa. Juzi nikasema na mimi nitoke. Nikasimama nao. Likaja gari, mkia wa Phefo ukaanza kucheza. Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, moyo ukanicheza pamoja na ule mkia. Nikasema ndiye. Ilikuwa gari la jirani, ameleta majani ya ng'ombe. Siwezi tena. Wakibaki pale watanizika."

Sethunya aligeuka sasa.

"Mimi hiyo ndiyo saa pekee ninayopumua," alisema. "Nikiwaona wamekaa pale najua siko peke yangu. Kuna wenzangu wawili wanaomngoja. Wewe uliacha siku ya tatu, ulipoosha koleo na kurudi kwenye ng'ombe wako. Hata chozi sijaliona."

"Sikuacha."

"Hata moja, Baba Pako."

Ababue aliketi katikati yao, anahema.

"Basi tufanye hivi," Moatlhodi akasema mwisho. "Twende kwa Oteng. Umwambie mwenyewe, usoni, kwamba hutaki kuwatoa. Akikubali, tunarudi nao. Akikataa, ndugu yako huyo, mtamalizana. Mimi nitanyamaza."

"Utanyamaza?"

"Kama jiwe."

"Hilo unaliweza," alisema mkewe. Akawapandisha mbwa nyuma, na yeye mwenyewe akapanda huko huko nyuma. Mumewe alimbembeleza aje mbele kwenye joto. Alijifunika shuka mpaka puani, mbwa mmoja kushoto, mmoja kulia, akapiga bati kwa kiganja kama utingo. Twende.

*

Saa tisa kasoro walifika kwenye geti la mifugo. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia kwa ng'ombe wa upande mmoja, na tangu hapo kila gari linakaguliwa, liwe linakwenda au linarudi. Bibi mifugo mmoja mnene, ovaroli ya kijani, penseli ndani ya nywele, alikuja anachechemea, akasalimu.

"Dumelang. Nyama? Maziwa? Ngozi?"

"Nyama kavu kidogo tu, Mma," Moatlhodi akajibu kwa heshima.

"Haivuki. Mle hapa hapa au wapeni mbwa. Ndani ya mbwa inavuka, sheria haijakataza." Alitazama nyuma. "Na huyu mama mbona kapangwa na mbwa? Mmegombana?"

"Tumegombana," Sethunya alijibu.

"Vizuri. Wanaogombana hawana muda wa kuficha nyama. Kadi za chanjo?"

Moatlhodi alizitoa kwenye kisanduku cha gari. Bibi mifugo akazisoma akiwa amezisogeza mbali na macho.

"Ababue, jike. Phefo, dume. Mwenye mbwa, Pako." Aliinua kichwa, akamtazama Moatlhodi. "Huyu Pako ni wewe, Rra?"

"Mwanangu," Sethunya akadakia.

"Mwenyewe yuko wapi? Mbwa wakivuka bila mwenye kadi, nampigia simu."

Moatlhodi alifungua mdomo. Mkewe akamwahi.

"Yuko kazini. Anachimba visima. Huko aliko simu haishiki."

Alilisema bila kupepesa jicho. Moatlhodi aliufunga mdomo wake, akautazama usukani.

"Haya," bibi mifugo akasema. "Akirudi mwambie abadilishe kadi, hii imechakaa. Shukeni mkanyage dawa. Na viatu vyote vilivyomo garini vishuke pia, hata vya kanisani."

"Hatuna vingine," Sethunya alisema. Aliwahi mno kulisema.

"Kila mtu hana vingine. Juzi mchungaji mmoja hakuwa na vingine, nikamkuta na jozi sita." Tayari alikuwa ameshika bodi, anapanda. Alisogeza jeki. Akasogeza gurudumu la akiba. Nyuma ya gurudumu palikuwa na kilemba cheusi kimefungwa fundo mbili.

"Hiyo ni nguo yangu ya msiba," Sethunya alisema. "Usiifungue."

Akaifungua.

Mabuti. Makubwa, ya kahawia, pua za chuma, na tope la kijivu limekauka mpaka kwenye kamba.

Haya, wasomaji wangu, mlijua? Mimi nilijua, nikanyamaza. Siku ile ya kugawa nguo, mjomba alipouliza mabuti yako wapi na wazee wakamgeukia mama wa marehemu, Sethunya aliapa hajui. Yalikuwa ndani ya pipa la unga.

Moatlhodi alikuja nyuma ya gari, akasimama.

"Uliapa," alisema. "Mbele ya kaka yako na baba zako wadogo wote."

"Niliapa."

"Na asubuhi nilipokuambia panda gari..."

"Nilirudi jikoni kuyachukua. Jiko nilikuwa nimeshalizima."

Lakini kuna waliofika kabla ya maneno. Ababue alinyoosha pua, akatoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, nyembamba, ndefu, ya kitoto. Phefo alijipenyeza chini ya mkono wa bibi mifugo na kutumbukiza uso mzima ndani ya buti la kulia. Hakuutoa. Akavuta pumzi humo ndani, akavuta tena, na mkia wake ukaanza. Ulianza pole pole, halafu ukapiga bati la pikapu pa! pa! pa! mpaka dereva wa gari la nyuma akatoa kichwa dirishani kuona kuna nini.

Bibi mifugo alitazama mbwa, akamtazama mama. Akatoa penseli kwenye nywele bila sababu, akairudisha.

"Mma," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Kilichofichwa kinachomwa. Shimo lile pale, na wewe unaliona. Mimi sitakuchomea. Lakini hili tope lazima litoke lote. Brashi hiyo, karai hilo, dawa imo."

"Halitoki."

"Mma."

"Tope hili halijakanyagwa na ng'ombe. Ni la kisimani, la chini kabisa, alikuja nalo Ijumaa." Sasa Sethunya alikuwa ameyakumbatia, na tope linamdondokea kwenye shuka. "Jumapili anakwenda kutazama mpira, kavaa raba, mabuti kayaacha mlangoni pa jikoni. Nikajikwaa. Nikamfokea. Nilimwambia, 'Pako, ondoa makwato yako hapa kabla sijayatupia nguruwe!' Akacheka. Akasema, 'Nitayaosha nikirudi, mama.' Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nitayaosha nikirudi." Alimtazama bibi mifugo kwa hasira, kana kwamba ndiye aliyeleta yule ng'ombe barabarani. "Kwa hiyo hayaoshwi. Nangoja arudi ayaoshe."

Hapakuwa na mtu aliyepiga honi. Magari manne yalikuwa yamepanga foleni, na hata dereva wa lori la soda alizima redio.

"Nina ng'ombe kumi na wawili upande ule," bibi mifugo alisema taratibu. "Ndio wanaonisomeshea watoto. Ningekuwa na jinsi nyingine, wallahi ningekupa."

Sethunya alikaa chini kwenye mchanga, mabuti mapajani. Si kwamba alikataa. Alishindwa tu.

Ndipo Moatlhodi akavua kofia yake. Akaiweka juu ya bodi. Akapiga magoti mbele ya karai, mtu yule mrefu, magoti yakalia, akanyoosha mkono.

"Nipe moja," alisema.

"Usiguse, Baba Pako."

"Nipe moja. Moja nioshe mimi, moja uoshe wewe. Yule mtoto alikuwa mvivu, unamjua. Hata angerudi, angeyaacha mpaka Jumatatu, na mwisho ungeyaosha wewe."

Sethunya alitaka kumtukana. Badala yake akaguna kitu kilichokuwa karibu na kicheko, maana ni kweli, ni kweli tupu, na alimpa buti la kushoto. La kulia, alilokuwa ametumbukiza uso Phefo, akabaki nalo.

Waliosha. Tope lilianguka vipande vipande kwenye dawa na kuyeyuka. Moatlhodi alisugua pua, akasugua kisigino, akatoa kijiwe kimoja kilichokwama kwenye soli kwa ukucha, akakishika, hakukitupa. Alikitia mfukoni. Halafu mabega yakaanza kumtikisika.

Sethunya aliinua macho. Mumewe alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanamwagika yenyewe ndani ya lile karai, na yeye anaendelea kusugua, anasugua mahali palipokwisha takata. Hakulia hospitali. Hakulia kaburini. Mwezi mzima mkewe amelala karibu na mgongo mkavu, akimchukia kidogo kila siku. Aliacha brashi yake, akamshika kifundo cha mkono.

"Limetakata," alimwambia. "Basi. Limetakata, Moatlhodi."

Miaka ishirini na mitano hakuwahi kumwita jina lake mbele ya watu.

Bibi mifugo aliwapa mgongo, anaandika jambo kwenye daftari, na penseli haikuwa ikigusa karatasi.

Walipomaliza, Sethunya akalipeleka buti la kulia kwa mbwa. Phefo alikuja mbio. Alinusa nje, akanusa ndani. Akapiga chafya, humo sasa ni harufu ya dawa tupu. Akalitazama mara moja, akarudi kulala karibu na gurudumu la akiba. Ababue hakunyanyuka kabisa.

"Ameondoka," Sethunya alisema.

Akafunga bodi. Akaenda mbele, akafungua mlango, akakaa pembeni ya mumewe na mabuti yanayodondoka maji mapajani.

"Twende kwa Oteng. Mpe mbwa wake."

*

Walikwenda saa nzima na zaidi. Lami imenyooka, punda huku na huku, nyasi zimekauka. Magwinya yalikuwa yamepoa, wakala hivyo hivyo.

"Siwapeleki," Moatlhodi akasema.

"Nini?"

"Mbwa. Siwapeleki."

"Wewe una wazimu? Asubuhi umenidanganya ili uwapeleke. Mchana nimekubali. Sasa hutaki?"

"Nilimwona Phefo na lile buti. Ulimwona mkia?" Alipangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Hakuna mtu duniani anayemjua Pako hivyo. Wewe na mimi, na hawa wawili. Tuko wanne tu. Nikimpa Oteng, tunabaki wawili."

"Na saa kumi na moja?"

"Nitatoka nao. Nitabeba kiti."

"Utakufa, ulisema."

"Nife nimekaa."

Sethunya alitazama nje, upande wake. "Mimi nimechoka kungoja," alisema. "Leo ndiyo nimechoka. Pale kwenye karai. Na wewe ndio kwanza unaanza. Mbona hatuwezi kufanya kitu kimoja kwa wakati mmoja, mimi na wewe?"

"Hata harusini ulichelewa."

"Gari lilipata pancha!"

"Nilingoja saa nne nzima, kila mtu ananiambia hauji."

Kidogo wacheke. Kidogo. Moatlhodi aliwasha taa ya kukunjia, maana njia panda ya kwenda kambi ya ng'ombe ya Oteng ilikuwa inaonekana mbele. Hakutaka kukunja kulia. Alitaka kugeuza tu pale, warudi nyumbani.

"Tutamwambia nini?" mkewe aliuliza.

"Nitampa ndama. Nitampa hata ng'ombe mwenye ndama wake. Akitaka nimpigie magoti, nimeshajua leo kupiga magoti."

Akapunguza mwendo.

Na pale njia panda, pembeni ya lami, palikuwa na mtu amesimama.

Alikuwa amevaa koti la bluu la wachimba visima, lenye mistari miwili inayong'aa kifuani. Kofia ya sufu nyekundu, imevutwa mpaka nyusi. Mikono mifukoni, bega moja limeshuka. Jua la jioni lilikuwa nyuma yake, uso hauonekani. Akatoa mkono mmoja, akaupunga.

Sethunya alifungua mlango gari likiwa bado linatembea.

"Pako," alisema.

Alijua. Msidhani hakujua. Koti lile alilifua kwa mikono yake, alimkabidhi kaka yake mwenyewe mbele ya watu, na desturi inamtaka mjomba alivae ili wafiwa waone limepata mwili. Alijua kabisa. Lakini kwa muda wa pumzi moja alikuwa na mtoto, na mtoto anampungia.

Mbwa wao hawakujua hayo. Waliruka bodi pamoja, hata Ababue mzee aliyekuwa akisaidiwa kushuka kwenye ngazi. Walikimbia wamelala chini kabisa, masikio nyuma, wanalia njiani kwa furaha, mchanga unaruka. Phefo alifika kwanza. Alimrukia yule mtu kifuani kwa miguu yote minne, akamlamba koti, kola, mikono ya koti, anazunguka, anakojoa kidogo kidogo kama mtoto wa mbwa.

"Ee! Ee, polepole!" Oteng akasema. Ilikuwa sauti ya Oteng.

Phefo aliganda.

Alishusha miguu. Akarudi hatua moja nyuma, akautazama uso chini ya kofia. Akanusa tena mkono wa koti. Akautazama uso tena.

"Dada," Oteng aliita, naye alikuwa ameshaona alichofanya. "Dada, nisamehe. Nilivaa mwone limenikaa. Sikufikiria. Wallahi sikufikiria."

Ababue alifika kwa kuchelewa, anahema. Alinusa pindo la koti. Hakutazama juu kabisa. Alijilaza juu ya viatu vya Oteng, kidevu chini, akafumba macho, kama mtu aliyefika.

"Ababue," Sethunya alimwita. "Njoo, mama. Njoo."

Hakuja. Ncha ya mkia ilicheza mara moja, ikatulia.

Na Phefo? Phefo alisimama katikati ya njia panda, anatazama huku na huku. Kisha akajinyoosha. Miguu ya mbele kwanza. Halafu ya nyuma.

Sethunya na Moatlhodi walitazamana juu ya boneti. Hakuna aliyehitaji saa.

"Mshike," Sethunya alisema. "Baba Pako, mshike, anakwenda getini!"

Phefo alikuwa ameshaingia kwenye lami. Hakukimbia ovyo. Alishika njia ya kusini, katikati kabisa ya barabara, mwendo wa mbwa mwenye miadi na amechelewa. Geti lake liko Serowe, zaidi ya kilomita mia tatu.

Moatlhodi aliacha gari likiunguruma na mlango wazi. Yeye aliyekuwa hataki kuuona tena ule mgongo ukienda kungoja, ndiye aliyeukimbilia. Kofia ikaanguka. Kiatu kimoja kikamtoka. Alikimbia juu ya mstari mweupe huku anaita kwa nguvu zake zote, na Oteng akamgeukia dada yake kwa mshtuko, maana jina alilokuwa anaita halikuwa Phefo.

"Pako! Pako, rudi! Pako!"

Kule mbele, pale lami inapopanda kilima, lori la ng'ombe lilichomoza na taa zake zimewashwa. Dereva alikuwa ana jua machoni, na mbwa alikuwa hapunguzi, na mwanamume nyuma yake alikuwa hatazami chochote isipokuwa mbwa. Sethunya alifungua mdomo kumwita mumewe, mabuti mawili yaliyolowa kayabana kifuani, na sauti haikutoka. Tukutane Jumamosi.